Ngare Nanyuki ingesimuliwa na nani? Ubishi wa riwaya na mitindo ya waandishi wetu

Ubishi ulianzia ndani ya Hiace iliyotoka Tengeru Jumamosi, siku ya soko. Kijana mmoja alikuwa amefungua kitabu kilichochakaa, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, na mzee aliyekaa pembeni yake akamuuliza anasoma nini.

"Musiba, mzee wangu. Kufa na Kupona."

Mzee akatikisa kichwa. Kwake yeye, baada ya Shaaban Robert hakuna tena aliyeandika. Kijana akajibu kwa adabu, lakini akajibu: anamheshimu sana, ila anahubiri mno. Hapo mama mmoja aliyepakata tenga la parachichi akaingilia kati. "Nyote mmekosea. Mimi ni Rosa Mistika. Niliisoma nimejifungia ndani, maana baba angeiona angeitia motoni."

Tulipofika Sanawari kila abiria alikuwa na upande wake, hata konda, ambaye alikiri hajasoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo lakini alikuwa na msimamo mkali kuliko wote.

Tulishuka tukiwa na swali ambalo wasikilizaji wetu pia hutuuliza. Kwa nini watu wawili waliosoma vitabu vilevile wanapenda waandishi tofauti kabisa? Jibu haliko sana kwenye kisa. Riwaya nyingi zina visa vinavyokaribiana: mtu kaonewa, mtu kapenda pasipopendeka, mtu kaenda mjini akapotea. Msomaji hushikwa na namna ya kusimulia. Shuleni tuliambiwa hiyo ni mtindo, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tukaishia hapo.

Kwa hiyo tutajaribu njia nyingine. Tutachukua kisa kimoja ambacho koo nyingi za Meru zinakijua, kisha tujiulize kila mwandishi angekishika wapi.

Kisa chenyewe

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi ile iwe mashamba ya mifugo ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Watu walitakiwa wahamie King'ori. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Wameru wakaona kwamba kama mtawala hasikii, basi aambiwe aliyemkabidhi dhamana. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuyasema hayo mbele ya umoja huo. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Baadaye Kirilo na mwanasheria Earle Seaton waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kwa Kiingereza, kilichotoka 1967. Ni kitabu cha historia, si riwaya.

Hayo ndiyo matukio. Sasa nani ayasimulie?

Tukimpa Shaaban Robert

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani serikalini sehemu kubwa ya maisha yake, akafariki 1962. Riwaya yake ya Kusadikika ilitoka 1951, mwaka uleule nyumba za Ngare Nanyuki zilipochomwa. Humo kuna nchi inayoelea angani, na kuna mtu anayeitwa Karama aliyeshitakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria. Badala ya kujitetea kwa kupiga magoti, Karama anaieleza mahakama habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali kuleta mema, na jinsi walivyorudi wakatiwa gerezani.

Mwandishi huyu angeitoa Ngare Nanyuki duniani. Angeipa jina la kubuni, na kila mtu angepewa jina linalotangaza tabia yake, kama alivyofanya kwa Adili, Utubora na Majivuno. Sentensi zake zingekuwa ndefu, zenye mizani, upande mmoja ukijibiwa na wa pili. Moto ungetajwa kwa maneno machache. Hotuba ya mjumbe aliyesafiri mbali kwenda kudai haki ingechukua kurasa.

Hapo ndipo kijana wa kwenye Hiace anaposema "anahubiri". Tunakubali kwamba anahubiri. Lakini tukumbuke karani wa serikali ya kikoloni alikuwa anaandika chini ya macho ya nani. Mtu ambaye hawezi kumtaja gavana kwa jina anaitundika nchi nzima angani, anamwita mtawala wake mfalme, kisha anasema yote aliyotaka kusema. Wachambuzi wengi wameisoma Kusadikika kwa namna hiyo. Ukiisoma hivyo, ule mtindo unaoonekana wa kizamani unageuka kuwa koti alilovaa mtu anayepita kwenye baridi kali, na huwezi kumlaumu kwa uzito wa koti.

Tukimpa Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Rosa Mistika, kitabu cha mama wa parachichi, kilitoka 1971 na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni, jambo ambalo bila shaka liliongeza idadi ya waliokisoma wakiwa wamejifungia. Kichwamaji kikafuata 1974, na Dunia Uwanja wa Fujo 1975.

Sentensi zake ni fupi. Hana haja ya kupamba. Katika Kichwamaji anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, na sisi tunafungiwa ndani ya kichwa chake pamoja na hofu zake. Kezilahabi haji mwishoni kutuambia nani alikuwa mwema. Wahusika wake wengi hawafiki salama ukurasa wa mwisho, na msomaji anaachwa na maiti na maswali. Wapo wanaomchukia kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya wengine wampende.

Ngare Nanyuki ya Kezilahabi ingekuwa ya kijana mmoja wa darasani aliyerudi likizo akakuta majivu. Angemkasirikia Mwingereza, ndiyo, lakini pia angemkasirikia baba yake kwa kutii, na mchungaji kwa kusali, na nafsi yake kwa kutofanya kitu. Wazee wa Meru huenda wasingependa kitabu hicho. Kingeonyesha ugomvi wa ndani ya boma, ambao kwenye sherehe za kumbukumbu hausemwi.

Na hapa kuna jambo linaloihusu Arusha moja kwa moja. Mji huu ulitoa jina lake kwa Azimio la Arusha, Februari 1967. Miaka 12 baadaye, 1979, riwaya ya Kezilahabi iitwayo Gamba la Nyoka ilichapishwa hapa hapa Arusha, na kampuni ya Eastern Africa Publications. Ni riwaya juu ya watu wa kijijini wanaohamishwa ili waingie vijiji vya ujamaa, wengine wakikataa, na juu ya wasomi waliotumwa kuwaongoza. Haikanushi ndoto ya usawa. Inaonyesha kwamba nyoka akivua gamba, anabaki nyoka. Yaani mji uliotangaza siasa ile ndio uliochapa kitabu kilichoihoji, wakati siasa yenyewe ingali inatawala. Kwa hiyo tunajua jinsi Kezilahabi anavyoandika juu ya watu wanaoambiwa wahame. Amekwisha kuandika. Ni wahamishaji tu waliokuwa wengine.

Musiba, Bwana Msa na Adam Shafi

Elvis Musiba angeanzia uwanja wa ndege. Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, ilimleta Willy Gamba, mpelelezi anayepigana na mawakala wa waliokuwa wakizuia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sura fupi, gari linakimbia, mtu anafuatwa, na ukifika mwisho wa sura unajikuta umefungua nyingine hata kama maharage yanaungua. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake walipita njia hiyo hiyo. Hadithi za vipande zinazotumwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp, zile zinazokatwa pabaya na kuandikwa "itaendelea", ni wajukuu wa mtindo huu, ijapokuwa si wote waliorithi ufundi wa babu. (Kama umetumiwa riwaya nzima iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ujue mwandishi au familia yake hawakupata hata shilingi.)

Mtindo wa Musiba ungefaa sana kwa safari ya New York: fedha za michango, hati ya kusafiria, nani atazuia, nani atasaliti. Ila ungekuwa na hasara moja. Riwaya ya kasi inamhitaji shujaa mmoja, na wale watu 3,000 wangebaki nyuma ya pazia wakimngoja. Tena inahitaji ushindi, na Kirilo alirudi bila ardhi.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, angeketi na kiko mdomoni na kuuliza maswali ya upole. Nani alichoma si fumbo, walionekana. Fumbo lingekuwa nani aliketi mbele ya ramani akachora mstari, na kwa nini mstari ulipita pale penye maji. Utani, mazungumzo marefu, Kiswahili cha Unguja kinachoteleza. Tungecheka katikati ya msiba, na hilo si dogo.

Adam Shafi, Mzanzibari mwingine, angeanza na mikono. Katika Kuli, ya 1979, anawafuata wapakuzi wa bandarini hadi kwenye mgomo wa 1948. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotangulia mwaka mmoja, anatuingiza kwenye nyumba ya tajiri kupitia jasho la mtumishi wake, Kijakazi. Anachukua mtu mmoja mnyonge, anakaa naye mpaka tumjue harufu ya nguo zake, kisha polepole anamuunganisha na wenzake. Huyu angemwandika mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, akitembea kuelekea King'ori. Vijana wengi wanamfahamu kwa Vuta n'kuvute, ama kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita, ama kwa filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021.

Maoni yetu, kama tungeulizwa, ni kwamba kisa hiki kinamfaa Adam Shafi kuliko wote. Mmoja wetu hapa studioni anakataa katakata na kusema ni cha Kezilahabi. Hatujapatana.

Jaribio la nyumbani

Unaweza kulifanya hili hata kama nyumbani kuna vitabu viwili tu. Mtu mmoja afunike jalada, asome ukurasa mmoja kwa sauti, wengine wabashiri mwandishi. Riwaya inayosomwa kwa sauti haiwezi kujificha. Sikiliza msomaji anavuta pumzi baada ya maneno mangapi. Kwa Shaaban Robert atachoka mapema. Sikiliza ni nani anayejua siri za moyoni, mwandishi aliye juu ya wote au mhusika mmoja aliye gizani kama wewe. Sikiliza majina. Na angalia kama mwandishi anaingia mwenyewe kukushika bega na kukuambia neno, au anakuacha ujitegemee.

Vitabu vyenyewe havipatikani kila duka. Maktaba ya mkoa ipo Arusha mjini, na walimu wa Kiswahili wa sekondari huwa na nakala za vile vilivyo kwenye mtaala. Vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini mjini navyo vina bahati yake. Musiba wa kijana wa Hiace alitoka huko, bila kurasa mbili za mwisho. Alituomba tusimwambie inavyoisha.

Tulipomrudia yule mzee na swali letu la Ngare Nanyuki, tulitegemea amtaje Shaaban Robert. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema mama yake alikuwepo siku ile, na kila alipokisimulia hakuanza na moto, wala askari, wala Kirilo. Alianza na ng'ombe wao mmoja, mweusi, ambaye walifika naye King'ori, na usiku wa tatu akakata kamba akarudi peke yake hadi kwenye boma lililoungua, akasimama pale palipokuwa na mlango.

"Huyo mwandishi wa namna hiyo," mzee akatuuliza, "mnaye kwenye orodha yenu?"