Je, Wajua? Kanuni Iliyojificha Kwenye Picha

Chora visanduku sita upande wa kushoto wa karatasi na vingine sita upande wa kulia. Kila kisanduku kipe mchoro mdogo. Michoro yote ya kushoto inafuata kanuni moja, na ya kulia inafuata nyingine inayotofautiana nayo. Kanuni yenyewe huambiwi, unaitafuta kwa macho, kisha unaitaja kwa maneno machache.

Mafumbo ya namna hii ni kazi ya Mikhail Bongard, mwanasayansi wa kompyuta wa Muungano wa Kisovieti, aliyechapisha 100 kati yake katika kitabu kilichotoka Moscow mwaka 1967. Hakukusudia kuburudisha watoto. Alitaka kuonyesha ni mambo gani mashine ingelazimika kuyaweza kabla hatujasema kwamba inatambua kitu. Fumbo la kwanza ni rahisi hadi linachekesha: upande mmoja visanduku ni vitupu, upande wa pili vina kitu ndani. La pili linatenga maumbo makubwa na madogo. Ukifika la 100 unakuta herufi A zilizoandikwa kwa miandiko ya kila aina kushoto, na kulia Б, herufi ya pili ya alfabeti ya Kirusi. Bongard alifariki mwaka 1971. Wasomaji wengi nje ya nchi yake walimjua kupitia kitabu cha Mmarekani Douglas Hofstadter cha 1979, kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Sasa tutunge fumbo letu, tulipeleke Ogwedhi, mashariki mwa Kaunti ya Migori, karibu na Trans Mara, ambako Wajaluo na Wamaasai huuziana mifugo. Kushoto weka ng'ombe sita: mweusi, mwekundu, wa madoa, mwenye pembe, asiye na pembe, na ndama. Kulia weka sita wengine, nao wamechanganyika vivyo hivyo. Mgeni kutoka mjini ataanza na rangi, ahamie pembe, kisha ahesabu miguu, asipate kitu. Mnunuzi mzoefu hutazama masikio, kwa sababu Wamaasai tangu zamani hukata masikio ya mifugo yao kwa mitindo inayotofautisha mali ya huyu na ya yule. Ng'ombe wote wa kushoto wana mkato kwenye ukingo wa chini wa sikio, wa kulia wanao kwenye ncha. Macho ya mgeni hayana kasoro yoyote, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sikio ni mahali pa kusoma.

Na kama sikio limeharibika, ipo pua. Je, wajua kwamba mikunjo iliyo kwenye pua ya ng'ombe haifanani na ya ng'ombe mwingine, na inaweza kumtambulisha kama alama za vidole zinavyomtambulisha mtu?

Mtihani wa kutafuta kanuni kwa macho umewahi kutumiwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1938 Mwingereza John Raven alitoa mtihani wa michoro yenye pengo: unachagua kipande kinachokamilisha mpangilio, na hapo pia kanuni hutajiwi. Watu waliuamini sana kwa sababu hauna maneno, wakadhani unapima akili tupu isiyotegemea shule wala lugha. Watafiti wakaupeleka kwa watoto wa vijijini Embu mwaka 1984, wakarudi na kupima wengine wa umri huo huo mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya pointi 20 za kipimo cha akili. Miaka 14 haitoshi kubadilisha damu ya watu. Watafiti walipotafuta sababu, waliona uzito zaidi kwenye lishe na afya ya watoto, wazazi waliojua kusoma, na mabadiliko katika familia. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo moja inatosha kumnyamazisha yeyote anayetumia mtihani wa michoro kupanga mataifa kwa akili.

Karibu zaidi na Migori kuna Usenge, ufukweni mwa ziwa katika Siaya. Huko kundi la Robert Sternberg na wenzake, Wakenya wakiwemo, lilipima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Walipewa michoro ya Raven na mitihani ya msamiati, halafu wakaulizwa pia kuhusu dawa za mitishamba: mti gani unatibu nini, na unatumiwaje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua dawa zaidi hawakuwa bora kwenye msamiati. Kinyume chake, walielekea kupata alama za chini. Kuijua mitishamba nako ni kupanga vitu kwa kanuni isiyoandikwa: jani, harufu, gome, ugonjwa. Ni vile tu cheti chake hakuna shule inayokitoa.

Ndege nao? Mwaka 1964 Richard Herrnstein na Donald Loveland wa Marekani walifundisha njiwa kudonoa wanapoona picha zenye binadamu na kuacha wanapoona zisizo naye. Njiwa wakaweza, hata kwa picha ambazo hawakuwahi kuziona. Mwaka 1995 Wajapani wakawafundisha wengine kutenga michoro ya Monet na ya Picasso. Kanuni waliyoitumia njiwa hao hatuwezi kuwauliza.

Kompyuta zinatusaidia kwa wanyama wetu. Januari 2016 wananchi walialikwa kaskazini mwa Kenya kupiga picha za punda milia wa Grevy, kwa sharti moja: ubavu wa kulia tu, kwani michirizi ya kushoto ni tofauti na ya kulia. Programu ikazilinganisha picha, ikatoa makadirio ya wanyama 2,350. Tarangire, Tanzania, nako watafiti walipima mabaka ya twiga mmoja mmoja, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba uduara wa baka na ulaini wa kingo zake ni mambo ambayo ndama hurithi kwa mama. Ukienda Hifadhi ya Ruma, Homa Bay, jaribu kuyatazama mabaka hayo kabla ya kutazama shingo.

Lipo pia fumbo lisilo na jibu nyuma ya kitabu. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, kuna miduara ndani ya miduara na maumbo yenye miale kama jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha michoro hiyo na wawindaji wa zamani, Watwa, na wenyeji wa baadaye waliihusisha na kuomba mvua. Unaweza kuipanga kwa rangi, kwa idadi ya miduara, au kwa miale. Kila mpangilio unakaa vizuri, na aliyechora hayupo wa kusahihisha.

La mwisho ni lako. Kushoto: Migori, Busia, Kisumu, Homa Bay, Siaya. Kulia: Kisii, Narok, Nyamira, Kericho, Bomet. Watu waliozoea mafumbo ya magazetini huanza kuhesabu herufi na irabu. Muuza omena wa Muhuru Bay atakwambia papo hapo: kaunti za kushoto zinapakana na Ziwa Viktoria, za kulia hazipakani nalo.