Wavu Ukutani mwa Bomba: Tabaka-Mpaka, Hesabu za Mtiririko na Istilahi Zake

Mvuvi achaguapo wavu huangalia kwanza ukubwa wa macho yake, kwa kuwa samaki aliye mdogo kuliko jicho hupita. Kanuni hiyohiyo hutawala kazi ya mhandisi anayekokotoa mtiririko wa maji bombani kwa kompyuta. Milinganyo ya mwendo wa viowevu haitatuliki kwa kalamu na karatasi isipokuwa katika hali chache sahili. Kwa sababu hiyo, nafasi iliyomo ndani ya bomba hugawanywa katika vipande vingi vidogo, yaani seli, na kompyuta hukokotoa kasi na kanieneo katika kila kimoja. Mkusanyiko wa seli hizo ndio uitwao wavu. Badiliko lililo dogo kuliko seli halinaswi. Na katika bomba, badiliko kali kuliko yote hutokea mahali pembamba kuliko pote, kando ya ukuta.

Maji yanayougusa ukuta hayatelezi: yamesimama. Milimita chache tu kutoka hapo yanakwenda kwa kasi inayokaribia ile ya katikati. Mwaka 1904, katika mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, Ludwig Prandtl alionyesha kwamba athari ya mnato hujikusanya katika tabaka hilo jembamba, na kwamba nje yake mnato waweza kupuuzwa. Jina lililoshika ni la Kijerumani, Grenzschicht, ambalo Kiingereza kililifasiri sehemu kwa sehemu. Kiswahili kikipita njia hiyo hiyo hupata tabaka-mpaka.

Istilahi hiyo inakubalika, lakini ina mtego. Kwa msemaji wa Kiswahili mpaka hutenganisha pande mbili, shamba na shamba, nchi na nchi. Juu ya bawa la ndege maana hiyo inafaa, kwani tabaka liko upande mmja na hewa huru iko upande wa pili. Bombani sivyo. Maji yanapoingia, tabaka huanza likiwa jembamba na kuzunguka ukuta wote. Kadiri yanavyosonga mbele linanenepa kutoka kila upande, hadi pande zake zikutane katikati. Katika mtiririko wenye msukosuko jambo hilo huhitaji urefu wa makumi ya vipenyo vya bomba. Baada ya hapo hakuna tena “nje” ya tabaka: limelijaza bomba zima. Mwanafunzi anayeambiwa atafute unene wa tabaka-mpaka katika bomba refu, kisha aweke seli nyembamba ndani ya unene huo tu, anatafuta kitu ambacho hakipo.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba jina moja limebebeshwa vitu viwili: tukio la kimaumbile, na seli nyembamba zinazopangwa kando ya ukuta ili kulinasa. Ingefaa Kiswahili kivitenganishe tangu mwanzo, la kwanza likiitwa tabaka-mpaka na la pili safu za ukutani. Lugha inayounda istilahi zake baada ya wengine ina nafuu hiyo ya kuepuka makosa yao. Waliounda kanieneo kutokana na kani na eneo walifanya vivyo hivyo, maana neno lenyewe hubeba fasili yake.

Unene wa safu hizo hukadiriwa kabla ya kuchora wavu. Chukua bomba laini lenye kipenyo cha milimita 100, linalopitisha maji ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa kasi ya wastani ya mita 1 kwa sekunde. Namba ya Reynolds ni takribani 100,000, mbali sana juu ya 2,300 ambapo mtiririko tulivu huanza kuyumba. Kwa kanuni ya Blasius, kizigeu cha msuguano ni 0.0178. Kutokana nacho hupatikana kasi ya msuguano, ambayo ni mita 0.047 kwa sekunde. Ukizidisha umbali kutoka ukutani kwa kasi hiyo, kisha ukagawanya kwa mnato wa kikinematiki, unapata umbali usio na kizio, unaoandikwa kwa herufi y yenye alama ya kujumlisha. Thamani yake ikiwa 1, umbali halisi ni milimita 0.02 hivi. Hapo ndipo nukta ya kwanza ya hesabu inapaswa kukaa iwapo mtiririko utafuatwa hadi ukutani.

Safu ya kwanza ikiwa na unene wa milimita 0.02, na kila inayofuata ikizidi iliyotangulia kwa mara 1.2, safu 22 hufikisha jumla ya milimita 5.4, na ya mwisho ina unene wa milimita 0.92. Seli za katikati hazina budi kuanzia ukubwa unaokaribiana na huo; mruko wa ghafla huzaa kosa palepale penye mshono.

Ipo njia nyepesi zaidi: nukta ya kwanza huwekwa mbali, penye umbali usio na kizio wa 30 au zaidi, na kanuni ya ukuta ikajaza pengo. Katika bomba hili hiyo ni milimita 0.64. Hatari iko kati ya 5 na 30, ambako si sheria ya karibu wala ya mbali inayofaa. Mwanafunzi mwenye bidii anayepunguza seli nusu kwa nusu akitumaini usahihi aweza kuangukia humo, na jibu likaharibika kadiri wavu unavyokuwa laini. Kosa hilo lina gharama. Katika kilomita 1 ya bomba hili msuguano hula kanieneo sawa na mita 9 za kimo cha maji. Aliyekosea kwa asilimia 30 kuelekea chini atanunua pampu iliyopungukiwa mita 2.7, na tangi la juu halitajaa.

Umbo la duara nalo lina shida yake. Likigawanywa kama vipande vya chungwa, seli za katikati huwa kama sindano. Desturi ni kuweka mraba katikati, kisha kuuzungushia safu zinazofuata ukuta. Programu ya OpenFOAM, iliyo huru tangu 2004, hujenga safu za ukutani yenyewe. Hata hivyo, penye kona kali au maungio ya mabomba yaweza kuziacha safu pasipo kusimamisha kazi, na taarifa ya upungufu huo ikabaki katika mistari ya Kiingereza ambayo wengi huipita haraka. Hakiki ya kwanza, kabla ya umbo lolote gumu, ni bomba lililonyooka: hesabu itoe kizigeu kilicho karibu na 0.0178. Isipotoa, wavu urudiwe kuanzia ukutani.