Uvimbe shingoni unaodunda usikatwe kabla ya kupigwa picha

Uvimbe shingoni si jambo geni katika nchi zetu. Mara nyingi huwa ni mtoki, rovu au kifua kikuu cha tezi. Lakini upo uvimbe mwingine, wa nadra, ambao ukidhaniwa kuwa ni mtoki na kukatwa kwa haraka, mgonjwa anaweza kuvuja damu hadi kuhatarisha maisha yake.

Uvimbe huo huota pale mshipa mkubwa wa shingo uitwao karotidi unapogawanyika: tawi moja huenda kwenye ubongo, jingine usoni. Katika njia panda hiyo kuna kiungo kidogo kama punje ya mchele, kinachopima oksijeni iliyomo katika damu. Seli zake zikiongezeka kupita kiasi, uvimbe hutokea.

Chanzo kimoja ni urithi. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kuwa hitilafu katika jini iitwayo SDHD, hasa mtu akiirithi kwa baba yake, huleta uvimbe huu. Chanzo kingine ni kuishi miaka mingi kwenye miinuko mirefu, kama milima ya Andes huko Peru.

Uvimbe hukaa chini ya pembe ya taya, hukua polepole na kwa kawaida hauumi. Ukiushika husogea mbele na nyuma, lakini haupandi wala haushuki, na mara nyingi hudunda. Ukiwa mkubwa, sauti hukwaruza na kumeza huwa taabu. Wagonjwa wachache hupanda presha, hutoka jasho na moyo huwaenda mbio.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, kisha CT au MRI. Kukata kipande cha uvimbe ili kupimwa huepukwa, kwa kuwa umejaa damu. Tiba kuu ni upasuaji wa daktari bingwa wa mishipa ya damu au wa shingo. Uvimbe mdogo hutolewa kwa urahisi zaidi. Ule uliozingira mshipa huongeza hatari ya kiharusi au kuumia kwa neva za sauti na ulimi. Wengine hutibiwa kwa mionzi, na wazee wenye uvimbe usiosumbua huweza kuangaliwa tu.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani na waliorejea nyumbani, matibabu mara nyingi huanza nchi moja na kuendelea nchi nyingine. Basi picha na majibu ya vipimo vitunzwe pamoja na hati za safari. Anayetumia dawa za kifua kikuu asiziache mwenyewe. Uvimbe usipopungua, amwombe daktari auchunguze upya.

Na ukithibitika kuwa nao, wape habari ndugu zako walioko ng'ambo ya mpaka. Wao pia wanaweza kuwa wameurithi. Nyingi za vimbe hizi si saratani, na zikigunduliwa mapema hutibika.