Mimea na Majina Yake (7): Mashahidi wa Vichaka vya Handeni na Korogwe

Tangu Juni 2022, kaya kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, magazeti yameandika mengi juu ya nyumba, maji na mashamba. Juu ya vichaka vinavyofyekwa ili nyumba hizo zisimame, sijasoma hata mstari mmoja.

Msomaji wa makala zilizopita anajua tayari kwamba jina la mmea kwa kawaida hutegemea sampuli moja iliyokaushwa, ambayo ndiyo shahidi wake wa daima. Mashahidi wengi wa mkoa wa Tanga, zilimo Handeni na Korogwe, walipelekwa Berlin. Carl Holst alikusanya mimea Usambara mapema katika miaka ya 1890. Adolf Engler na wenzake wakaisoma huko Ujerumani, wakaipa majina, na hadi leo tuna mimea mingi iitwayo holstii na usambarensis. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliichoma hifadhi ya mimea ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikawa majivu. Kilichoyaokoa majina mengi ni nakala, yaani matawi ya mkusanyo uleule yaliyokwisha kutumwa London na kwingineko. Walioandika Flora ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, iliwabidi mara nyingi kuteua mashahidi wapya.

Nyanda kavu za Handeni na Korogwe zilipata wachunguzi wachache. Macho yalikuwa juu Amani, huko Usambara, kwenye msitu wa mvua, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Kichaka kikavu hakimbembelezi mgeni: anayepita Agosti huona fito na miiba, maana spishi nyingine huchanua kwa siku chache tu mvua zikianza. Huku Korogwe mkonge ukameza ardhi kubwa.

Mwaka 2023 bustani ya Kew ilikadiria kwamba spishi tatu kati ya nne za mimea isiyo na jina la kisayansi huenda ziko hatarini kutoweka. Kufyeka kitu ambacho hujakitazama ni dhuluma, hata kama unayemjengea ana haki ya nyumba. Kabla greda halijaingia, atangulie mtaalamu wa mimea pamoja na mzee wa Kizigua anayechimba dawa, wakakusanye sampuli masika na vuli. Nakala moja ikae Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina la Kizigua liandikwe kwenye kila karatasi.