Mti wa Omoiri, Panya wa Maabara na Afya Yako

Je, mkulima, umepata kuona mti wa omoiri uliochunwa gome pande zote, kuanzia shinani hadi mahali mkono wa mtu unapofika? Majani yake hubadilika rangi, matawi ya juu hukauka, na baada ya muda mti mzima huweza kufa. Aliyeuchuna alitaka dawa. Hapa tutakueleza dawa hiyo ni nini, wataalamu wameona nini, na yakupasa wewe kufanya nini.

MTI WENYEWE

Omoiri ni mti wa nchi za juu zenye mvua, kama milima ya Kisii na Nyamira. Wataalamu huuita Prunus africana. Ukiponda jani lake utasikia harufu kama ya lozi. Tangu zamani watu wa sehemu nyingi za Afrika wamechemsha gome lake na kulinywa kwa maradhi mbalimbali, na hasa taabu ya mkojo.

Katika miaka ya 1960 Wafaransa walianza kutengeneza dawa kutokana na gome hilo. Dawa hiyo huuzwa Ulaya kwa wanaume wa makamo na wazee ambao tezi dume yao imekua. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho huzunguka njia ya mkojo. Mwanamume akizeeka, tezi hiyo huweza kukua na kubana njia. Kukua huko peke yake si saratani. Lakini saratani nayo huweza kuingia katika tezi hiyo hiyo.

HABARI YA PANYA

Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio yao. Walichukua panya wa aina maalumu, ambao wamefanywa katika maabara ili wapate saratani ya tezi dume. Wengine walilishwa chakula chenye dawa iliyokamuliwa katika gome la omoiri, na wengine walilishwa chakula kisicho na dawa hiyo. Kati ya panya waliopewa dawa, 35 katika kila 100 walionekana na saratani. Kati ya wale wengine, zaidi ya 60 katika kila 100 walionekana nayo.

Hii ni habari njema, na inaonyesha kwamba wazee wetu hawakuuheshimu mti huu bure. Lakini usikimbilie panga bado.

PANYA SI MTU

Kwanza, panya hao walipewa dawa iliyopimwa. Chungu kinachochemshwa nyumbani hakina kipimo: leo ni chepesi, kesho ni kikali.

Pili, jambo linalofaulu kwa mnyama huweza kushindwa kwa binadamu. Chukua mfano wa beta-karotini, ile rangi ya manjano iliyomo katika karoti na maboga. Katika maabara ilionekana kuzuia saratani kwa wanyama. Basi katika nchi ya Finland wavuta sigara 29,133 walijaribiwa, wengine wakapewa vidonge vyake na wengine wasipewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 18. Hii si sababu ya kuacha kula maboga, maana chakula ni chakula na kidonge ni kidonge. Ni sababu ya kungoja majaribio ya watu kabla ya kuamini majaribio ya panya.

Gome la omoiri halijathibitishwa kuwa kinga ya saratani kwa binadamu. Anayekuuzia unga wake kwa jina la kinga au tiba ya saratani anakuuzia ahadi tu.

UNAFUU UNAOFICHA UGONJWA

Mwaka 2002 wataalamu walikusanya majaribio 18 ya dawa ya omoiri, yaliyofanywa kwa wanaume zaidi ya 1,500 wenye tezi iliyokua. Waliona kwamba dawa hiyo husaidia kiasi: mgonjwa huamka mara chache zaidi usiku, na mkojo hutoka vizuri kuliko kwanza.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee hunywa gome, akapata nafuu, akasema, "Nimepona." Kumbe huenda ndani kuna saratani nayo inaendelea kukua. Atakapofika hospitali imekwisha kuingia mifupani, na matibabu yamekuwa magumu.

Kwa hiyo, baba na wazee wetu, fanyeni hivi:

1. Ukiamka usiku mara nyingi, au mkojo ukitoka kwa shida, au ukiona damu, nenda hospitali. Si jambo la aibu.

2. Saratani hii mwanzoni huweza kukaa kimya bila dalili. Ukifika miaka 50, muulize daktari juu ya kupimwa. Ikiwa baba yako au ndugu yako aliugua, muulize mapema zaidi. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA.

3. Kama unakunywa dawa yoyote ya miti, mwambie daktari. Usimfiche.

TUNZA MTI WAKO

Ukichuna gome kuzunguka shina lote, mti huweza kufa. Nao huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia unene wa kufaa kuchunwa. Kwa sababu ya uharibifu huo, tangu mwaka 1995 biashara ya omoiri kati ya nchi na nchi husimamiwa kwa mkataba wa kimataifa, na gome halipelekwi ng'ambo bila kibali. Akija mnunuzi na gunia, muulize kibali chake.

Mashamba yetu ni madogo, lakini mpakani pana nafasi ya mti mmoja au miwili. Mbegu za omoiri hazikai muda mrefu. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama yake, kisha panda kitaluni upesi. Weka kivuli, mwagilia maji, na hamisha miche mvua inapoanza. Mti utakupa kuni, mbao ngumu na maua ya nyuki.

Ukiwa na swali juu ya miche, muulize afisa wa misitu. Ukiwa na swali juu ya mkojo, muulize daktari.