Kadi ya Mwaka ya Makumbusho: Ni Nafuu kwa Familia Ipi?

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichomoza ardhini. Fuvu hilo la kiumbe aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita ndilo wanafunzi wanalolisoma kwa jina la Zinjanthropus, nalo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mtoto wa kata zilizo kando ya barabara ya Morogoro, upande wa Kibaha, huliandika jina hilo katika daftari na kulijibia mtihani, ilhali Makumbusho ya Taifa yako umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani kwao. Wapo wanaomaliza elimu ya msingi bila kufika.

Wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto hukutana na swali la fedha, na mara nyingine husikia habari za kadi ya mwaka: familia hulipa ada mara moja, kisha huingia makumbusho mara nyingi ipendavyo kwa miezi kumi na miwili. Mpango wa namna hii upo katika nchi nyingi. Jirani zetu wa Kenya wana Kenya Museum Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho mwanachama wake aliyelipa ada ya mwaka huingia katika makumbusho ya taifa ya nchi hiyo bila kulipa kiingilio. Uholanzi ina Museumkaart, kadi iliyoanza mwaka 1981 na ambayo sasa inapokelewa na makumbusho zaidi ya 400. Nchini Uingereza hali ni tofauti: tangu Desemba 2001 maonesho ya kudumu ya makumbusho ya taifa hayatozwi kiingilio, hivyo anayenunua kadi huko hulipia maonesho maalumu tu.

Mifano hiyo inaonesha kwamba thamani ya kadi hutegemea kwanza idadi ya milango inayoweza kufunguliwa nayo karibu na nyumbani. Mholanzi hupanda treni asubuhi, akaona makumbusho mawili, akarudi kwake kabla ya jua kutua. Mkazi wa Pwani hayuko katika hali hiyo. Makumbusho ya Taifa yana vituo viwili Dar es Salaam: Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni iliyopo mtaa wa Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama. Vituo vingine viko Arusha, Butiama na Songea. Ni jambo la fahari kwamba Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vina makumbusho yake Songea, na kwamba maisha ya Mwalimu Nyerere yana makumbusho yake Butiama. Lakini kwa familia inayoishi Pwani, kadi inayoruhusu kuingia huko ni sawa na ufunguo wa nyumba ya mbali. Hesabu ya haki ni ile ya vituo viwili.

Hesabu yenyewe haina ugumu, ila wengi huifanya nusu. Hulinganisha bei ya kadi na kiingilio, wakasahau safari. Tuchukue bei za kubuni, kwa ajili ya mfano tu, na familia ya baba, mama na watoto watatu. Tuseme mtu mzima analipa kiingilio cha shilingi 2,000 na mtoto shilingi 1,000. Mara moja mlangoni ni shilingi 7,000. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa kubadilisha vyombo njiani, tuseme ni shilingi 3,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto: jumla shilingi 9,000. Chakula cha mchana, maji na vile vidogo ambavyo mtoto hakosi kuviona dirishani mwa basi, shilingi 12,000. Safari moja imekula shilingi 28,000, na kiingilio ni robo tu ya fedha hizo.

Sasa tuseme kadi ya familia inauzwa shilingi 30,000. Kadi huondoa kiingilio, lakini haiondoi nauli wala njaa. Kila safari itaendelea kugharimu shilingi 21,000. Familia inayokwenda mara mbili kwa mwaka itatumia shilingi 72,000 ikiwa na kadi, na shilingi 56,000 ikiwa inalipa mlangoni. Imepoteza shilingi 16,000. Ikienda mara nne, hasara ni shilingi 2,000. Faida huanza kuonekana safari ya tano. Ikienda mara sita, kadi itakuwa imeokoa shilingi 12,000, lakini ili kuziokoa familia hiyo imetoa mfukoni shilingi 156,000. Hapo ndipo wengi hujidanganya: huanza kusafiri kwa ajili ya kuitendea haki kadi, na si kwa ajili ya kuona kitu. Kila mzazi aweke nauli yake halisi na kiingilio halisi mahali pa tarakimu hizo za mfano. Anayekaa Kijitonyama, na anayefika makumbusho kwa miguu, atapata jibu tofauti kabisa na la anayeanzia safari Mlandizi.

Liko jambo la pili ambalo halionekani katika hesabu, nalo ni maana ya neno familia. Kadi za aina hii kwa kawaida huandikwa kwa watu wazima wawili na idadi maalumu ya watoto wao. Nyumba nyingi za kata hizi hazina sura hiyo. Bibi analea wajukuu wanne wa mabinti wawili. Mjomba anaishi na watoto wa marehemu dada yake pamoja na wake mwenyewe. Shangazi amekuja kwa muda na mwaka wa tatu sasa yupo. Mlezi wa namna hii akinunua kadi bila kuuliza, anaweza kujikuta mlangoni akiambiwa kwamba watoto wawili wamo na wawili hawamo. Hakuna mzazi anayependa kuchagua mbele ya watoto nani aingie na nani alipiwe. Basi swali la kwanza kuuliza, kabla hata ya bei, ni hili: kadi inamtambua nani, kwa umri gani, na je, jina la mlezi asiye mzazi linakubalika?

Baada ya hapo yafuate maswali madogo. Mwaka unahesabiwa tangu siku ya malipo au tangu Januari? Kadi ikinunuliwa Septemba na kumalizika Desemba, ni kadi ya miezi minne. Je, inafaa katika vituo vyote au kimoja? Inahusu ngoma na maonesho maalumu, au kiingilio cha kawaida tu? Ikipotea, itatolewa nyingine? Mzazi asikubali kadi ya taasisi moja ikisifiwa kwamba inafungua kila mlango wa historia. Mfano uko Bagamoyo, ambako makumbusho ya misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 yako chini ya Kanisa, na kila mahali pana taratibu zake za malipo. Magofu ya Kaole nayo, pamoja na misikiti yake miwili ya kale na makaburi yake, yaulizwe kivyake.

Wakati wa kununua nao una uzito. Januari ni mwezi wa sare, viatu, madaftari na michango, na si mwezi wa kufungia shilingi elfu thelathini katika kadi itakayotumika Juni. Anayelipa mlangoni hugawa mzigo wake mwaka mzima na hubaki na uhuru wa kuahirisha mtoto akiugua au mvua ikikata barabara. Uhuru huo nao ni fedha.

Pamoja na hayo, kadi ina fadhila moja ambayo mizani ya shilingi haiipimi vizuri. Aliyelipa kiingilio hutaka kuona kila kitu siku hiyo hiyo. Huwavuta watoto kutoka chumba hadi chumba kwa saa tatu, na mwisho mdogo analia, mkubwa amechoka, na hakuna anayekumbuka alichokiona. Mwenye kadi anaweza kuingia kwa dakika arobaini, akamwonesha mtoto nyayo za Laetoli peke yake, zile za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita, kisha wakaenda kukaa kivulini wakizungumza. Mtoto hujifunza kwa namna hiyo. Kwa familia ambayo mzazi anafanya kazi katikati ya jiji, au ambayo kila mwezi huenda Dar es Salaam kumtembelea ndugu, nauli imekwisha kulipwa kwa sababu nyingine, na hapo kadi huanza kuwa na maana hata kwa safari chache.

Familia isiyo na sababu ya kwenda mjini mara kwa mara ina njia iliyo bora zaidi, nayo ni safari moja au mbili zilizopangwa vizuri. Kutoka Kibaha, basi huwafikisha Mbezi au Kimara, na kutoka Kimara mabasi ya mwendokasi hufika katikati ya jiji. Mtaa wa Shaaban Robert uko mwendo wa miguu kutoka Posta. Jengo la kwanza la makumbusho hayo lilifunguliwa mwaka 1940 wakati wa utawala wa Waingereza. Ndani yake watoto hupenda zaidi magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na wazazi husimama kimya mbele ya kumbukumbu ya mlipuko wa Agosti 7, 1998 katika Ubalozi wa Marekani.

Safari ya pili iwe ya Kijitonyama. Wengi hushuka stendi ya Makumbusho kila juma bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, ambamo zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali: tembe ya Wagogo, msonge wa Wahaya, nyumba ya Wazaramo. Bibi aliyelelewa Uzaramo akiingia humo na wajukuu wake, hahitaji mwongozaji. Yeye ndiye atakayeeleza moto uliwashwa wapi na wageni walikaa upande gani. Pengine hii ndiyo sababu kubwa ya kutomwacha nyumbani ili kupunguza kiingilio kimoja.

Ipo pia njia ya shule. Wanafunzi huingia kwa kiwango cha chini kuliko watu wazima, na basi moja likigawanywa kwa darasa zima, nauli ya kila mtoto hushuka sana. Wazazi wanaweza kuliweka jambo hili katika kikao cha kamati ya shule mapema, kabla ya muhula kuelemewa na mitihani, na kuomba mchango ukusanywe kidogo kidogo. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna hata nauli ndiye anayefaidika zaidi na safari ya shule, kwa sababu wenzake hubeba sehemu yake bila yeye kujua, mwalimu akiwa na busara.

Viingilio hubadilika, na raia hulipa kiwango tofauti na mgeni. Mzazi athibitishe bei kwa kituo husika kabla ya kusafiri, abebe kitambulisho, na adai risiti. Malipo ya taasisi za Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayeombwa fedha taslimu mkononi nje ya lango ana haki ya kukataa.

Familia tatu au nne za mtaa mmoja zinazotaka kusafiri pamoja, na shule zinazohitaji msaada wa kuandika barua ya maombi ya ziara, zifike kwa Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri katika saa za kazi, zikiwa na orodha ya majina, umri wa watoto na tarehe mbili zinazopendekezwa, ili moja ikikosekana nyingine iwepo.