Utando Unaofifisha Nywele Baada ya Tritimenti

Katika saluni za Tarime mjini, Sirari na Mugumu, mteja ambaye nywele zake zimedhoofishwa na dawa ya kulainisha hufanyiwa tritimenti, ambayo ni krimu yenye protini na vilainishi inayopakwa na msusi na kuachwa chini ya mvuke wa stima ili ishike vizuri. Nywele hutoka laini na zikimeta. Lakini tiba hiyo ikirudiwa mara kwa mara, mng'ao hupotea, nywele huwa nzito na kunata, na kwa bahati mbaya hudhaniwa kuwa bado zimeharibika, zikaongezewa krimu ileile iliyozifubaza.

Unywele hufunikwa na vigamba vyembamba vilivyolaliana kama vigae vya paa, na dawa kali inapovichubua, uso wake hubaki na chaji hasi nyingi, ndiyo maana vilainishi vyenye chaji chanya huunasa na kuujengea utando. Baadhi ya silikoni, ambazo ni vilainishi vya viwandani visivyoyeyuka katika maji, hukaa juu ya utando huo na kurundikana kila tiba inaporudiwa, hadi mwanga unaoangukia nywele unatawanyika badala ya kuakisiwa kwa pamoja. Ukucha ukipitishwa taratibu juu ya unywele mmoja mkavu, mara nyingi hukusanya uchafu mweupe unaofanana na nta.

Kinachouondoa utando huo ni shampuu ya kusafisha kwa kina, hasa yenye salfeti, ambayo upande mmoja wa molekuli zake hushika mafuta na upande mwingine hushika maji, hivyo mabaki hung'olewa na kuchukuliwa wakati wa kusuuza. Inafaa kupakwa mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, mapovu ya pili yakiachwa kwa dakika chache, kisha ifuatwe na kondishena nyepesi, kwa kuwa shampuu hiyo huondoa pia mafuta ya asili, na kwa sababu hiyo haistahili kutumiwa kila wiki.

Maji nayo yana sehemu yake. Pale ambapo maji ya kisima ni magumu, maana yake yamebeba chumvi za kalsiamu na magnesiamu, sabuni ya mche hugeuka ukoko unaoganda kwenye nywele, ilhali maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi huzisuuza vizuri zaidi. Siki kidogo iliyozimuliwa kwa maji mengi husaidia kuyeyusha chumvi hizo, ila haiwezi kuondoa silikoni. Magadi yaepukwe kabisa, kwa sababu ni alikali inayovimbisha unywele na kuinua vigamba ambavyo dawa ya kulainisha ilikwisha kuvidhoofisha.

Nywele zikibaki hafifu hata baada ya kusafishwa hivyo, vigamba vyenyewe huenda vimekwisha kutoka, na kwa kuwa unywele ulio nje ya ngozi hauna uhai wa kujiponya, ncha zilizochakaa hupunguzwa kwa mkasi.